Taa Iliyotaka Kupanda

Wifi yangu Mwanvita ni fundi spika. Ukifika Mafiga ukaulizia banda lake, mtoto yeyote atakupeleka, maana hakuna fundi mwingine anayefanya kazi amejifunga khanga na koleo ameichomeka kiunoni. Banda lilikuwa la mumewe, marehemu Nasibu. Miaka yote ya ndoa Mwanvita alikaa karibu yake, akimshikia tochi na kumpashia chuma cha kuyeyushia risasi. Nasibu alipoanza kuugua, spika za wateja zilimalizwa na mikono ya Mwanvita. Wateja walizichukua zikilia vizuri, hawakuuliza.

Mimi nimeolewa na mdogo wake Mwanvita, tunaishi uwanja mmoja. Jiko langu linatazamana na mlango wa banda, kwa hiyo haya nayaandika nimeyaona.

Nasibu alikuwa Mluguru wa Kinole, na kwao mali ya mwanaume hufuata ukoo wa mama yake. Anachoacha ni cha mtoto wa dada yake. Eda ilipokwisha, Mzee Stambuli, mjomba wa marehemu na mkubwa wa ukoo, alishuka mjini na mkungu wa ndizi na kapu la machungwa. Alikuja na mjukuu wake, Mosi. Tukamwamkia, akaitikia, akala, akanawa, ndipo akasema lililomleta. Vitanda, vyombo na cherehani abaki navyo Mwanvita. Vifaa vya banda ni vya Abuu, mpwa wa marehemu.

Abuu ni kijana wa bodaboda, hana ubaya na mtu, ila spika anajua kuifungulia tu. Na alikwishaanza kuulizia mnunuzi.

Mwanvita alikuwa anakusanya sahani. Akaziweka chini.

"Mjomba, mila sikatai. Naomba kuelewa tu. Vifaa ni vya ukoo, au ni vya fundi?"

"Ni vya fundi wa ukoo."

"Na kama fundi ni mimi?"

Mzee alicheka, wala si kwa dharau. Alisema wapo watu wanaojua kukaza nyaya na wapo mafundi, na yeye hajaona ufundi wa Mwanvita, ameuona wa Nasibu. Kisha akamtazama Mosi, ambaye arusi yake ilikuwa inakaribia, akakumbuka kitu. Mosi alikuwa amekisumbua kijiji kizima kwa taa ya kwenye tamthilia. Tamthilia hiyo tuliiangalia wote: bibi arusi anaketi chini ya upinde wa mlango wa kasri, na juu ya kichwa chake taa ya dhahabu imekaa hewani, haina mnyororo, haina kamba, inawaka. Mosi aliitaka hiyo hiyo. Wapambaji walimwambia zile ni mbinu za kamera.

"Basi itengeneze taa ya Mosi," alisema mzee. "Ikikaa hewani mbele ya watu wangu, banda ni lako, sitalitaja tena."

Alisema kama mtu anayefunga mazungumzo ili aondoke kwa amani. Mwanvita akamjibu, "Nimesikia, mjomba," akabeba sahani zake.

Kesho yake nilimkuta amekaa katikati ya rundo la spika zilizokufa. Kila spika ina sumaku nyuma, duara nyeusi nzito, imegandishwa kwa gundi. Alitaka kuzitoa haraka, kwa hiyo akaazima jiko langu la mkaa, akazipanga juu yake kama mahindi ya kuchoma. Gundi ikalainika, sumaku zikatoka zenyewe. Tukafurahi. Zilipopoa akaisogeza moja kwenye msumari. Msumari ukajikokota kidogo, ukaishia njiani. Akajaribu nyingine, hivyo hivyo. Sumaku ambazo jana zilikuwa zinang'ang'ania bisibisi mpaka uivute kwa mikono miwili, sasa zimekuwa kama vigae.

Halafu akaniambia kwamba Nasibu alikuwa analoweka spika kwenye petroli usiku kucha, na yeye siku zote alidhani ni uvivu wa kuwasha mkaa.

"Moto unaiua," alisema. "Hakuniambia. Labda alidhani sitahitaji."

Akaanza upya. Alizunguka kwa mafundi wenzake, Mafiga mpaka sokoni, akiomba spika mbovu. Wengine walimpa huku wakimtania kwamba amehama kwenye muziki ameingia kwenye uganga. Alicheka nao, akabeba mzigo wake kichwani.

Taa yenyewe aliitengeneza kwa chupa ya maji. Akaikata, akaivisha karatasi ya dhahabu ya biskuti, akaitoboa vitundu vya maua kwa msumari wa moto kama ile ya kwenye tamthilia, ndani akaweka kale katochi ka kiberiti cha gesi pamoja na vibetri vyake. Ilikuwa nyepesi, ukiiweka kiganjani huisikii. Kwa sura, Mosi asingeitofautisha. Tatizo lilikuwa kukaa hewani.

Mwanzo alitaka sumaku ziisukume kutoka chini. Kila mtu aliyewahi kuchezea sumaku anajua, ukizielekeza upande fulani zinakataana. Akaweka moja mezani na nyingine kwenye kitako cha taa. Taa ikainuka kweli, halafu ikapinduka kichwa chini na kujibamiza mezani. Akairudisha, ikapinduka. Akaongeza sumaku pembeni, ikachagua upande mwingine wa kuangukia. Siku zikawa zinakwenda hivyo. Asubuhi wateja, mchana taa. Mume wangu alimwambia, "Dada, waachie vifaa vyao, nitakutafutia mtaji wa vitenge." Mwanvita akamwomba amshikie meza isitikisike.

Mwanangu wakati ule alikuwa anajifunza kutembea. Nilikuwa nampitishia khanga kifuani chini ya makwapa, nashika ncha zake nyuma, naye anajitupa mbele kwa nguvu zake zote kuelekea mlango wa banda, kwa sababu ndani kuna vitu vinavyong'aa. Miguu haijajua kazi, lakini haanguki. Anaegemea hewa, khanga imekaza, anapiga kelele za furaha. Siku moja nilipoinua macho nikamwona Mwanvita amesimama, koleo mkononi, anamtazama mtoto. Alimtazama mpaka nikaanza kuona haya.

"Wifi, hebu usimwachie," alisema. "Shika hapo hapo."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na vipande vya mianzi, akaanza kukunja upinde.

Alichofanya ni hiki. Sumaku kubwa aliificha juu, katikati ya upinde, akaifunika kwa maua ya kitambaa. Sumaku ndogo aliiweka kwenye kifuniko cha taa. Sasa taa haikusukumwa, iliitwa. Ilitaka kupanda ikashike ile ya juu, na yeye akaifunga kwa chini isifike. Uzi wa kawaida ulionekana. Mshipi wa samaki ukawa unameremeta. Jioni nilikuwa mlangoni nimekaa nafumua rasta zangu, akaja akaokota unywele mmoja wa bandia, akauvuta kwa meno, haukukatika. Akaufunga kwenye kitako cha taa, na ncha nyingine kwenye kibao cha chini. Akaachia mikono.

Taa ikakaa. Kati yake na upinde vidole viwili vinapita bila kugusa kitu. Ilicheza kidogo, ikatulia. Mwanangu ndiye aliyesema kwanza, kwa lugha yake.

Siku ya arusi tulipanda Kinole na pikapu inayoleta ndizi mjini, ikirudi tupu. Mwanvita aliupakata upinde njia nzima, barabara ikitupiga huku na huku.

Pale tukakuta wapambaji wamesimamisha tao lao la mabomba ya chuma, limejaa maua, wakasema upinde wa mianzi uingie chini yake. Mwanvita akauweka. Taa ikainama kuelekea bomba kama inayonong'onezwa. Akaomba tao litolewe. Wakakataa, walikwishalifunga. Nilidhani ataanza kubishana. Aliunyanyua upinde wake, akapita katikati ya watu, akaenda kuusimamisha barazani kwa Mzee Stambuli, kwenye nguzo za miti. Mosi alipotoka na kuiona taa inawaka hewani, hakutazama tena tao. Alikwenda moja kwa moja barazani akaketi chini yake. Basi mikeka ikahamishwa, viti vikahamishwa, na wapiga ngoma wakahamia huko.

Watu walisogea, walirudi, walisogea tena. Abuu alikuja karibu kuliko wote. Akapitisha mkono juu ya taa, hakuna kitu. Akapitisha chini, akasimama.

"Kuna uzi hapa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu. "Anti ameifunga. Babu, hii imefungwa."

Ngoma ikapungua. Mosi akainamisha uso. Mzee Stambuli aliinuka kitini, akaja, akapapasa hewa mpaka kidole chake kikaugusa ule unywele. Akamgeukia Mwanvita, na usoni mwake niliona masikitiko kabisa, kama mtu aliyekuwa ameanza kuamini.

"Upo, mjomba," alisema Mwanvita. "Ukate."

"Itaanguka."

"Ukate, uone inakwenda wapi."

Akaletewa kisu cha kumenyea machungwa. Aliukata taratibu, mkono mwingine ameukinga chini aidake taa. Taa haikushuka. Iliruka juu, ikagonga upinde, ikanata kwenye maua, na ikaendelea kuwaka.

Mkono wa mzee ulibaki umekingwa, mtupu. Akautazama. Akatazama juu.

"Kumbe haukuishikilia," alisema pole pole. "Uliizuia."

"Ndiyo, mjomba."

"Haya. Irudishe ilipokuwa."

Mwanvita alinyoosha mkono kichwani kwangu bila kuomba, akachomoa unywele mmoja wa rasta zangu mpya, akaishusha taa, akaifunga tena mbele ya macho ya watu wote. Ikakaa. Mosi akainua uso. Abuu akapiga makofi, nadhani alisahau kwamba alikuwa upande mwingine.

Banda halikutajwa arusi nzima. Asubuhi tulipokuwa tunapanda pikapu, safari hii tukikalia mikungu ya ndizi, Mzee Stambuli alikuja na Abuu nyuma yake. Abuu alikuwa amebeba pembe ya spika ya msikiti wa pale, ile ya bati, yenye kutu na kiota cha nyigu mdomoni. Mzee alisema imenyamaza tangu masika na muadhini anakohoa. Akamwambia Abuu ampe fundi.

Mwanvita aliipokea, akaitikisa sikioni, akasikiliza.

"Waya umekatika ndani," alisema. "Sumaku yake ni nzima."

Akaiweka mapajani, na pikapu ikaanza kushuka.