Mama Pindo Atazama Ukuta

Tangu yule dada wa utafiti apite kibarazani na maswali yake, Mama Pindo hakutulia. Aliulizwa jambo dogo tu: "Wanawake mko wengi hapa sokoni. Nani anawasemea kwenye kamati?"

Akajibu, "Muuza nyama."

Mafundi cherehani wenzake wakacheka, naye akacheka, lakini swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haikupita siku nyingi kamati ikatangaza mafundi wote watoke kibarazani wahamie nyuma, kule vyooni, kwenye giza. Utatungaje sindano gizani? Basi Mama Pindo akagombea kiti cha muuza nyama.

Mama mkwe wake, muuza mkaa, hakumficha. "Mwanangu, mimi sipangi mstari nyuma ya mtu. Biashara nimwachie nani?"

Maana sokoni hapo kura ni mstari. Wagombea hutazama ukuta, watu wakajipanga nyuma ya wamtakaye. Ukigeuka, umejitoa. Na mkutano huitwa saa ya wateja wengi. Muuza nyama ana wa kumwachia kisu. Mwenye nyanya hana wa kumwachia nyanya.

Mama Pindo akasimama na mtoto mgongoni, pua karibu iguse chokaa. Upande wa muuza nyama viatu vilikokota, watu wakisukumana kwa vicheko. Nyuma yake kimya. Akabadilisha mguu. Akakaza mbeleko ambayo haikulegea.

"Fundi, umesinzia?" muuza nyama akamchokoza. "Ukuta haushonwi huo."

"Na wewe usiukate, shemeji. Hauna mnofu."

Alijibu hivyo bila kugeuka. Mara mtoto akageuza shingo, akarusha miguu, akacheka. Nani anamchezea? "Baba, unaona nini?" akamnong'oneza. Mtoto akazidi kucheka. Kisha harufu zikaja: vitunguu, samaki wakavu, mafuta ya taa. Harufu ya mkaa haikuja.

"Geukeni!" msimamizi akaita.

Mstari wake ulikuwa umekata kona. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akatafuta uso mmoja, asiuone.

"Mama kweli hakuja?"

"Angekujaje?" muuza samaki akamjibu. "Si ndiye katufukuza mezani! 'Nendeni wote, soko niachieni mimi.'"

Sauti ikapasuka kutoka kwenye meza: "Nyie washindi! Samaki nimewauza bei ya vitunguu, na vitunguu sijui bei yake! Rudini kabla sijawafilisi!"

Wakatimua mbio wakicheka. Mama Pindo naye akakimbia, halafu akasita, akamrudia msimamizi.

"Kikao cha kwanza lini?"

"Kama kawaida, mchana."

"Hapana, kaka. Asubuhi, kabla ya wateja. Na la kwanza ni kibaraza."

"Mbona una haraka hivyo? Hata kiti hujakalia."

"Nikishakikalia nitasahau," akasema, huku tayari anaondoka, mtoto akirukaruka mgongoni.