Mlango wa Chumba cha Redio

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, nilikuwa mwendeshaji wa redio ya mawasiliano kambini. Chumba chetu kilikuwa kidogo, cha matofali. Ndani mlikuwa na redio mbili na betri kubwa zilizochajiwa kwa sola. Magari ya maji na ya wagonjwa yaliitwa kutoka humo.

Siku moja betri mbili ziliibwa mchana kweupe, watu wakiwa wamejazana mlangoni kuulizia ndugu zao. Tulishindwa kuita gari, na mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kujifungua akafa. Mimi ndiye niliyemwomba mkuu wetu aweke nondo dirishani, mlango wa chuma wenye makomeo mawili, na uzio wa waya kuzunguka chumba. Nikaandika orodha ya watu wanne wa kupita. Mlinzi alikuwa mzee mpole wa kijiji cha Mugoma. Nilimwambia, "Asiyekuwemo humu, hata akilia, hapiti."

Asubuhi moja nilikuwa napokea ujumbe, mzee akagonga, akachungulia.

"Mwanangu, yuko mama nje ya uzio. Anakuulizia. Amechoka sana."

Sikugeuka. "Yumo kwenye orodha?"

"Hayumo."

"Basi si unajua, mzee."

Akaurudisha mlango. Nikaendelea kuandika.

Nilikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wangu, aliyeolewa Burundi. Tangu vita vianze hatukuwa tumesikia habari zake. Wiki iliyofuata mwanamke nisiyemjua alinisimamisha njiani, akaniita kwa jina langu la nyumbani, la Kihangaza, lugha ya kwetu, ambalo kazini hakuna aliyelijua. Alisema alivuka mpaka pamoja na dada yangu.

"Alikuja kwako," akasema. "Alikuwa anaharisha damu. Alitaka umtafutie gari la kumfikisha Murusagamba kwa mama yenu. Aliporudi akatuambia una kazi nyingi, tusikusumbue."

"Yuko wapi sasa?"

"Alipakiwa kwenye lori pamoja na mama mkwe wake, wakapelekwa Biharamulo."

Siku hiyohiyo nilidandia lori la chakula. Nilimtafuta hema kwa hema siku mbili, hadi nikamkuta mama mkwe. Alinishika mkono akanipeleka kwenye tuta la udongo mwekundu, katikati ya matuta mengine. Nilikata vijiti viwili, nikavifunga msalaba kwa kamba ya kiatu changu. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ni kweli kwetu migomba inafika hadi mlangoni, maana dada aliitaja sana siku zake za mwisho.

Niliporudi kambini nilimweleza mlinzi. Akavua kofia.

"Alikwambia kuwa ni dada yangu?" nikamuuliza.

"Aliniambia, mwanangu. Lakini wote husema hivyo."

Nilimwambia hakukosea. Ndivyo nilivyomfundisha.

Murusagamba nilimkuta mama uani, anapukuchua maharage. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, mikono yake ikaendelea na kazi.

"Uliwahi kumwona?" akaniuliza.

"Nilimwona, mama."

"Mkazungumza?"

"Tulizungumza."

"Alisemaje?"

Nikakaa chini kando yake, nikachukua maganda machache mkononi, nikaanza kumtungia maneno ambayo dada yangu hakupata nafasi ya kuniambia.