Kahawa ya Mkwe

Akioka, yule mshona sare za shule wa Awendo hatulii. Anafunua sufuria, anachungulia vibakuli vya kastadi ya chokoleti vilivyokaa ndani ya maji moto, anafunika, kisha anapanga upya makaa juu ya kifuniko kwa vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Anakwenda langoni, anarudi, anafunua tena.

“Haitashika hivyo, dada,” jirani yake Metrine akamwambia. “Iache.”

Leo binti yake anakuja kutoka Homa Bay na mume Mkatoliki ambaye mama alikataa hata kwenda harusini kwake. Chokoleti ni ya binti. Kahawa aliyoichanganya humo ni ya mkwe, na haijawahi kuingia katika nyumba hii ya Kisabato, ambamo ni mwiko. Ndiyo maana kila kijiko cha kuonja anampa Metrine.

“Ni chungu?”

“Kidogo. Onja basi.”

“Mimi? Wacha mchezo.”

Bodaboda ikasimama nje. Mama akafuta mikono kwenye leso, akaifuta tena. Halafu akachota kastadi iliyokuwa bado inatetemeka, akaitia mdomoni, akaimeza taratibu.

“Ataipenda,” akasema, akaenda kufungua lango, kijiko bado mkononi.