Alisema "Haye", Mimi Nikasema Amekubali

Admin, ficha jina langu na la huyu dada, lakini maneno usipunguze. Nimemkosea mtu, na sitazunguka. Nimemkosea binti wa abti yangu, yaani mjomba, aliyelelewa nyumbani kwetu na ambaye mpaka leo ananiita aboowe, kaka mkubwa. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, naishi Garissa. Nilifika fomu foo nikaishia hapo. Kazi yangu ni kutafsiri Kisomali kwa wageni wanaokuja kufanya utafiti.

Mwaka jana alikuja daktari mmoja wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Alitaka kujua kama mama wa huku kwa wafugaji anaweza kufundishwa mambo ya uzazi kwa simu. Mama anapiga namba ya bure, anabonyeza moja, anasikia somo kwa Kisomali, na ndani ya somo kuna mama mwenzake anaeleza yaliyompata. Wasichana wa mradi walizunguka Ijara wakirekodi akina mama, mimi nikabaki Garissa nasikiliza na kutafsiri.

Siku moja nikasikia sauti, nikaijua kabla hajamaliza bismillahi. Ni yeye, kutoka Sangailu. Anaeleza uzazi wake wa kwanza, vile uchungu ulimshika siku mbili na mama mkwe amekalia simu, anasema wanawake wa nyumba hii hawazai mbele ya wanaume wa hospitali. Mtoto akafa. Haya alimwambia yule msichana wa mradi, mwanamke mwenzake, hakuiambia dunia. Nilitafsiri huku nalia. Daktari akasoma, akagonga meza, "Hii ndiyo sauti! Tunaanza na hii. Mpigie, muulize kama anakubali tuiweke."

Nikapiga. Alikuwa nje na mbuzi, upepo unapiga kwa simu. Mimi naeleza, yeye anasema, "Haye... haye..." Simu ikakatika.

Wasomali wenzangu mshanielewa. Kwa nyinyi wengine, haye si ndiyo. Haye ni kama "enhe", nakusikia, endelea. Mtu anaweza kukuambia haye mara kumi halafu akakataa. Mimi nimezaliwa na hiyo neno! Lakini daktari alikuwa amesimama hapo, yule anayeniita mtafiti mwenza mbele za watu.

"Amesemaje?"

"Amesema haye."

"Haye ndiyo sawa?"

Nikamwambia ndiyo, amekubali. Akaipenda hiyo neno mpaka akawa anaitumia kila asubuhi, "Haye, haye, twende kazi!" Na mimi sikumpigia dada tena. Msiniulize habari ya mtandao, mtandao ulirudi. Niliogopa atasema hapana.

Somo likatoka. Wanaume wa Sangailu, kwenye hoteli ya chai, wakabonyeza moja wakaweka spika. Wakaijua sauti. Sasa mume wake akipita na ng'ombe wanamwita Bonyeza Moja. "Warya, wewe Bonyeza Moja! Mama yako amekupa ruhusa ya kutoka?" Watu wazima, wenye ndevu za hina, wanafanya mtoto aliyekufa mzaha wa chai! Mama mkwe naye amehamia kwa mwanawe mwingine, hataki hata salamu ya dada. Na dada ana mimba tena, ya miezi minane.

Mke wangu alimpigia kumkumbusha aende hospitali mapema, kwa sababu ya yale ya kwanza. Akajibu, "Abaayo, dada yangu, hospitali siku hizi ni redio. Nitazalia hapa. Nikifa, nife kimya." Halafu akauliza, "Aboowe yuko hapo? Mwambie siku ile nilikuwa nangoja apige tena nimwambie hapana."

Nilichukua simu nikampigia daktari hapo hapo. Nikamwambia toa ile sauti, dada hakukubali. Mnajua alisema nini? "Mzee, tukitoa sauti moja katikati, utafiti wote umeharibika. Vumilia tumalize." Nikapayuka. Naye akapayuka, "Si wewe ulinifundisha haye ni sawa? Si wewe?" Akakata. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Mtu anafundisha watu kwa simu, na simu hashiki! Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba pale alisema kweli. Ni mimi.

Wenzangu wa mradi wananiambia ninyamaze, kuna akina mama wamebonyeza moja wakawahi hospitali, sasa nataka kuharibu kitu kizuri? Najua wapo. Nawafurahia. Lakini hao wengine wapone, na huyu aliyetoa sauti yake afie nyumbani kwa kuona aibu? Hiyo ni elimu gani?

Kwa hivyo wakubwa wa chuo nimeshawatumia sauti yangu mwenyewe nikieleza yote. Kazi nimeipoteza, haidhuru. Nyinyi nawaomba kitu kimoja, hasa akina mama wa huku kwetu. Mwanamke ambaye siri yake imetembea hivi, unamwambia maneno gani mpaka aamini hospitali tena? Niandikieni hapo chini. Ila msiniambie ninyamaze.

Ijumaa hii, watu wakitoka tu msikitini, nitasimama kwenye ile hoteli ya chai Sangailu, mbele ya mume wake na hao wa ndevu. Nitasema kwa Kisomali, kwa sauti kubwa, huyu dada hakukubali. Alisema haye, na nyinyi wote hapa mnajua haye ni nini. Mwenye kucheka anicheke mimi. Halafu mimi na mke wangu tutaenda mpaka kwake, gari likingoja nje. Nitamuuliza kama atakubali tumpeleke hospitali. Akisema haye nitakaa chini, nitangoja mpaka aseme ndiyo ama hapana.