Doa la Chumbani kwa Mama

Mshonaji alikuwa na jicho kali. Mteja akiingia na koti lililopinda bega, yeye alishaguna kabla ya salamu. Lakini doa lilipotokea kwenye dari ya chumba cha mama yake, dogo tu, la ukubwa wa kisosi, alilitazama, akasema, "Hilo la kaka huko juu," akarudi kwenye cherehani.

Nyumba ilikuwa ya urithi, ya ghorofa moja. Baba yao aliijenga kwa jasho lake, na alipofariki wakagawana hivi: mshonaji na mama chini, kaka yake, dereva wa lori, juu pamoja na mkewe.

Fundi bomba aliitwa. Alipanda bafuni kwa kaka, akapiga magoti, akagonga vigae kwa kidole, akashuka akijifuta mikono.

"Kiungo cha bomba la maji machafu kimeachia," alisema. "Tunatoa vigae viwili, tunakibadilisha, asubuhi moja kazi imekwisha. Ila msilaze damu."

"Nikirudi safari," kaka akasema, tayari funguo za lori zikimchezea mkononi.

Alirudi safari, akaondoka tena. Kila akirudi alikuwa na lake: mara amechoka hoi, mara mkewe ana wageni na bafu ni hilo hilo, mara lori linadai tairi. Mshonaji angeweza kumwita fundi mwenyewe. Uwezo alikuwa nao. Alichokuwa nacho zaidi ni kinyongo. Aoge kaka, atengeneze dada? Tangu utotoni huyo bwana alichafua na yeye akafagia. Safari hii alisema hafagii ng'o.

Basi wakategeana.

Mama alisogeza kitanda kidogo, kisha akakisukuma hadi ukutani. Beseni likawekwa sakafuni. Plasta ikatoka malengelenge, koga nyeusi ikashuka nyuma ya kabati, kanga za mama zikaanza kunuka uvundo hata zikitoka kuanikwa juani. Kuna siku mshonaji alinunua kopo la rangi nyeupe akapaka juu ya doa lote. Chumba kikang'aa. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Umempaka mgonjwa poda," alisema.

"Mama, kikohozi hicho kimezidi."

"Ni vumbi la vitambaa vyako, mwanangu." Alisema hivyo kwa sababu hakutaka wanawe wagombane.

Alasiri moja mshonaji alikuwa akimpima mteja kiuno aliposikia kishindo, kisha kimya. Alikimbia, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Pande la zege lilikuwa limebanduka darini. Mama alikuwa chini, kati ya kitanda na kabati, kichwa chote cheupe kwa vumbi. Hakulia.

"Mguu wangu siusikii," alisema tu.

Juu yake nondo zilikuwa zimeachwa wazi, nyekundu kwa kutu, nyembamba kama njiti, na maji ya vuguvugu yalikuwa yakidondoka juu ya mto. Kaka alishuka mbio, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni. Alikuwa anaoga.

Walimbeba wote wawili. Nyonga ilikuwa imevunjika, na daktari hakuwaficha: kwa umri ule, kutembea tena wasahau.

Mwashi aliyeletwa baadaye alichomeka bisibisi kwenye boriti juu ya mlango. Ikazama. Akaichomoa, akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna cha kutengeneza. Maji yameshakula nondo. Juu pabomolewe pote, na chini asilale mtu."

"Fundi bomba alisema vigae viwili," kaka akasema.

"Alisema lini?"

Mwashi alipoondoka ndipo waliporushiana maneno palepale mlangoni.

"Si ungenishikilia, dada! Ungenikaba koo mpaka nitengeneze!"

"Ulikuwa unaogea juu ya kichwa cha mama yako. Nikukabe koo?"

Kaka na mkewe wakahamia chumba kimoja cha kupanga. Mama akapelekwa kwa mamdogo, mdogo wake, kwa kuwa kati ya wanawe hakuna aliyekuwa na chumba kikavu cha kumlaza. Mshonaji alibaki na cherehani yake kwenye sebule ambayo dari yake ilitegemezwa kwa magogo. Wateja waliyatazama yale magogo, wakampitishia nguo dirishani, halafu wakaacha kuja.

Kila Jumapili alikwenda kwa mamdogo.

"Chumba changu kimekauka?" mama alimuuliza.

"Kinakauka, mama."

"Na kaka yako anasaidia?"

"Anasaidia."

Siku moja, akitoka, alikutana na kaka langoni, mfuko wa machungwa mkononi.

"Amelala?"

"Yuko macho."

Wakapishana.

Mama alifariki kwa mamdogo, asubuhi. Walipokwenda kukusanya vitu vyake walikuta begi chini ya kitanda, limepangwa vizuri na kufungwa zipu. Mamdogo alisema mama mwenyewe alilifunga wiki iliyopita, akiwa kitandani. Alikuwa akingoja kurudishwa nyumbani. Kaka alilibeba hadi barabarani, akasimama nalo, hajui alipeleke wapi.

Ghorofa ilibomolewa. Chini hakuna anayekaa.