Kitaa cha Kijani

Fundi wa kompyuta kutoka Wete hana haraka. Kabla hajagusa kitu hupiga bismillahi, huvua saa, huipuliza kibodi kama anayepoza uji, kisha vidole vyake vyembamba huanza kazi na yeye huanza kugombana na mashine. "Toka, mal'uni wee," alinong'ona leo nyumbani kwa Bi Jawaher, Shumba. Programu ya ujasusi ilikuwa imejificha humo. Kila akiifuta, akiwasha upya anaikuta imerudi. Bi Jawaher, aliyemwita kwa kuwa kompyuta imekuwa nzito, alikaa akimtazama tu, maana fundi huyu akiwa kazini hasemeshwi. Mwishowe fundi akacheka peke yake. Akabadilisha neno la siri, akatoa plasta mfukoni, akaibandika juu ya kamera. "Imeng'oka na mizizi, Bi. Sasa hakuna akuonaye."

"Na kile kitaa cha kijani cha kamera?"

"Hakiwaki tena."

"Hiyo uliyoing'oa kaitia mwanangu Hamood kabla hajenda Maskati. Akinitazama akiwa kazini. Mie kila asubuhi nikimpungia mkono."

Vidole vikasimama. "Mbona hukunambia, Bi?"

"Hukuniuliza, baba."

Kuirudisha hawezi, labda Hamood mwenyewe, siku atakayokuja. Fundi, aliyezoea kusema na mashine, akaigeukia kamera. Akaibandua plasta kwa ukucha, polepole, kama iliyo juu ya kidonda, akasogea pembeni. Bi Jawaher akatengeneza mtandio wake, akainua mkono. Kitaa hakikuwaka.