Pilau Yangu na Vitambaa vya Dismas

Leo nimekula pilau tamu kuliko zote nilizowahi kula.

Sikilizeni.

Mimi napamba kumbi hapa Mpanda. Vitambaa vya kuning'iniza darini navipigia hesabu kwenye Excel, kwa COSH na SINH. Ndiyo, zile kanuni za hesabu mlizozikimbia chuo! Zinaniambia nikate urefu gani na katikati kitashuka mpaka wapi.

Dismas, niliyekuwa nafanya naye kazi, akanakili faili langu kwenye flashi. Akaenda nalo kwenye kamati ya harusi ya jirani yangu wa mtaani Misunkumilo: "Huu mfumo nimeutengeneza mwenyewe." Wakampa kazi.

Haya. Leo nikaenda kama mwalikwa.

Ukumbi ni mpana kuliko tuliouzoea. Dismas kabadilisha upana tu. Ile namba ya kitambaa kilegee kiasi gani, kwenye seli ya njano, kaiacha vilevile. Nilishamwambia kila ukumbi una yake, akanicheka. Na kaja kuvifunga wageni wakiwa mlangoni, hata muda wa kujaribu hakuna.

Vitambaa vikashuka mpaka vichwani mwa watu.

Mama wa bibi harusi akaingia anacheza, kilemba kikanasa. Yeye akasonga mbele, kilemba kikabaki kinaning'inia.

MC akaacha kipaza sauti, akapanda kiti kukinasua. MC, jamani!

Dismas akaja mezani kwangu, jasho linamtoka. "Dada, nisaidie. Ile seli ya njano ni ya nini?"

Nikatafuna nyama taratibu. Nikameza.

"Muulize aliyeutengeneza."

Mnaosema ningemsaidia, komenti ziko wazi. Mimi niliongeza pilau.